Familia ya Koko 🙏 (Jumanne, 18 Februari 2025)

Papa Espoir (Lubumbashi), 18:04
Ndugu, nani ameongea na mama yetu Koko huko Bukavu leo? Nampigia tangu asubuhi, simu haipiti.

Neema, 18:11
Jambo Papa. Yuko mzima. Umeme hakuna, simu yake iko kwa jirani mwenye sola.

Mama Furaha, 18:12
Mzima, ndiyo. Lakini uliza habari ya bunga. Mimi sisemi kitu.

Papa Espoir, 18:12
Bunga gani tena?

Neema, 18:19
Jumamosi, watu walipokuwa wanabeba vitu kwenye depo ya PAM, shirika la chakula la UN, kijana mmoja wa avenyu yetu alituletea mfuko mzima. Akautua mlangoni: "Koko, huu ni wako, wewe ulinilisha nikiwa mdogo." Koko akatafuta miwani, akasoma maandishi ya mfuko polepole kama anasoma somo la kwanza kwenye misa. Kisha akauliza: "Umenunua wapi?" Kijana akacheka. Koko hakucheka.

Mama Furaha, 18:20
Na nyumbani mlikuwa na nini?

Neema, 18:20
Vikombe viwili vya bunga ya muhogo. Na samaki sambaza kidogo.

Tantini Riziki (Goma), 18:23
Eh Mama jamani!! Sisi huku tangu waasi wa M23 waingie tarehe 27 Januari, benki zimefungwa. Mfuko ukinifikia mlangoni, mimi nasema ni mana 😩

Papa Espoir, 18:26
PAM wenyewe wamesema karibu tani 7,000 zimeporwa. Mfuko mmoja ungebadilisha nini? Hata Daudi alikula mikate mitakatifu alipokuwa na njaa, na Yesu hakumlaumu. Neema, msomee Koko.

Neema, 18:41
Nimemsomea. Ametuma sauti lakini mtandao haupandishi, naandika maneno yake:
"Espoir mwanangu, Daudi alimwomba kuhani, hakuvunja mlango. Na bunga ile ni ya wale waliokimbia vita. Mwaka 1967, wakati wa yule mamluki Schramme, tulikimbia Riziki akiwa mgongoni. Tuliporudi Novemba, nyumba haikuwa hata na mlango. Aliyechukua sufuria yangu ya harusi nilimjua. Kila Jumapili alikuwa anapokea komunyo mbele yangu. Miaka mingi Baba Yetu yangu ilikuwa inakwama pale kwenye 'kama sisi tunavyowasamehe'. Sasa mama fulani kambini naye akwame hapo kwa sababu yangu?"

Tantini Riziki, 18:44
Hii ya sufuria mimi sijawahi kuisikia. Maisha yangu yote!

Papa Espoir, 18:45
Nani huyo?

Neema, 18:47
Hasemi. Eti alishamzika, na kwenye mazishi yake aliimba.

Papa Espoir, 18:50
Sawa. Na mfuko?

Neema, 18:56
Jumapili hakuna aliyetoka, ndiyo siku M23 walipoingia mjini. Jana asubuhi Koko akamwita kijana, wakaupeleka parokiani kwa miguu, yeye na fimbo yake nyuma. Watu wa shirika la kanisa, wengine walimpongeza, wengine walicheka wazi. Padri aliupokea tu, hakuuliza.

Mama Furaha, 18:58
Sema na hii: kijana amekasirika, anapita hasalimii. Kwao kuna watoto sita. Mimi namheshimu mama yangu, lakini kwa hilo sijui kama alikuwa na haki.

Papa Espoir, 19:03
Mimi nasema aje huku Lubumbashi.

Mama Furaha, 19:05
Kwa njia gani? Uwanja wa Kavumu M23 waliuchukua Ijumaa, hakuna ndege. Halafu umesahau vita ya 1996? Tulimwambia tuondoke, akajibu: "Askofu wetu Mkuu, Monsenyeri Munzihirwa, yuko, na mimi niko." Wakamuua Monsenyeri tarehe 29 Oktoba. Koko alihama? Picha ya Monsenyeri hadi leo iko ukutani kwa Koko, rozari imening'inia juu yake.

Papa Espoir, 19:09
Basi natuma pesa kesho. Kwa simu ya nani?

Mama Furaha, 19:10
Yangu. Wakala wa kwao hana pesa taslimu, huku mtaani Nguba tunapata kidogo kidogo. Na wanakata sana.

Neema, 19:14
Koko anataka dawa ya presha, chumvi, makala ya kupikia. Na bunga vikombe kumi.

Mama Furaha, 19:15
Kumi? Mko wawili.

Neema, 19:16
Saba ni za kwao kijana.

Mama Furaha, 19:16
Nilijua 🤦🏾‍♀️

Papa Espoir, 19:20
Weka kumi na tano. Dawa ndiyo ya kwanza, Furaha, usisahau.

Neema, 19:21
Na unite za simu Papa, tafadhali. Zangu zinaisha sa hi