Tupeane uzoefu: parseli (kiwanja) ina karatasi zote, lakini ina matata

Mwana Mabanga
Leo nimepita Katindo, hapa Goma, nikaona ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: PARSELI HII HAIUZWI. Chini yake mwingine ameongeza kwa mkaa: "ilishauzwa". Nimecheka hadi mwenye moto (pikipiki) akaniuliza kama niko sawa. Basi tupeane uzoefu. Sisemi parseli ya wizi, ile kila mtu wa Goma anaijua. Nasema ile yenye sertifika (hati ya ardhi) safi, halafu ukishalipa unakuta kuna mwenye haki mwingine ndani: jirani anapita, benki inadai, mjane hatoki. Bukavu na Lubumbashi mnakaribishwa.

Mke wa Fundi
Ya mjane ndiyo yangu. Tulinunua Bagira, huku Bukavu, kwa watoto wa marehemu, wote wamesaini, shef wa kartie (mtaa) ameweka muhuri. Siku fundi anaenda kupima madirisha anamkuta mama ndani anachambua sombe. Akamwambia: "Karibu mwanangu. Nyumba waliiuza, mimi hawakuniuza."
Avoka (wakili) akatufungulia kitabu cha sheria ya familia ya 1987: mwenzi aliyebaki ana yuzufrui, yaani haki ya kutumia, ya nyumba waliyoishi pamoja. Watoto waliuza chao, haki ya mama kukaa humo haikuwa yao. Kwa hiyo sisi wenye nyumba tunapanga mtaa wa Panzi, mama yuko kwetu. Bonane, yaani Mwaka Mpya, tunampelekea sukari na mchele. Mume wangu alitaka kesi, lakini huyo mama ukikaa naye nusu saa unasahau ulichokuja kudai.

Komisioneri Mstaafu
Kabla ya kutoa makuta (pesa), salimia jikoni.

Binti Nguba
Nyinyi makomisioneri, madalali wa nyumba, ndio mnaoficha hao mama siku ya kuonyesha nyumba. Mnawapeleka sokoni.

Komisioneri Mstaafu
Mimi nimesema nimestaafu, dada.

Baba Virunga
Ngoja niwaambie yetu.
Parseli yetu iko nyuma ya nyingine, haigusi avenyu. Zamani kulikuwa na kichochoro. Lava ya Januari 2002 ikapita pale, na watu waliporudi kujenga juu ya mawe, kila mmoja akasogeza ukuta wake kidogo. Tukabaki na upenyo wa kutosha chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), ndani ya parseli ya mzee wa mbele. Mzee hakuwa na neno. Alipofariki, mtoto wake akaleta mpimaji, mpimaji akasema upenyo uko ndani ya sertifika yao. Na ni kweli, uko ndani. Kijana akajenga: mawe ya volkano, simenti, juu vipande vya chupa. Sisi tukaanza kupita kwa jirani wa upande wa pili, kupitia sebule yake, viatu mkononi.
Ndipo mama yangu mkubwa akafariki. Maiti imetoka hospitali, avenyu imejaa, korali wamevaa sare. Sanduku litaingiaje? Kwenye sebule ya jirani halikunji kona. Vijana wakapanda ukutani, wakatandika magodoro juu ya chupa, sanduku likainuliwa. Katikati, upande wa kichwa ukaanza kushuka. Nikasikia ndani kitu kinateleza. Korali wakakata wimbo. Yule kijana mwenye ukuta alikuwa amesimama mlangoni kwake anaangalia. Akatoka mbio, akashika kona ile, akaishusha taratibu hadi chini, akaenda kunawa.
Kesho yake ukuta uko palepale.
Tukaenda tribinali. Sheria ya ardhi ya 1973 inampa mtu ambaye parseli yake imefungwa pande zote haki ya kudai njia kwa jirani, akimlipa fidia. Njia kijana amekubali. Sasa tunabishana fidia.

Neema K.
Magodoro juu ya chupa. Yesu.

Mukubwa Kyeshero
Na sisi hivyohivyo, ila kwetu ilikuwa friji.

Dogo wa Birere
Mtu amebeba jeneza kwa mkono wake halafu anaacha ukuta? Huyo ana moyo gani?

Mwenye Nyumba Himbi
Avunje kwa nini? Ukuta uko kwake, amelipia.

Dogo wa Birere
Kwake wapi? Udongo wa Kongo ni wa serikali, sisi wote tuna konsesyo tu, haki ya kuutumia.

Mwenye Nyumba Himbi
Basi jeneza lipitishwe serikalini.

Mwana Mabanga
Tafadhali, kuna msiba humu.

Karani wa Zamani
Sertifika haionyeshi tu nani mwenye parseli, inaonyesha pia mizigo iliyo juu yake: njia ya jirani, ipoteki (rehani ya benki), vyote vinaandikwa. Lakini fotokopi unayoonyeshwa kwenye nganda (baa) ni ya siku ile ilipotolewa kopi. Nenda mwenyewe kwa konservateri, ofisa wa hati za ardhi, uombe kuona ukurasa kwenye kitabu. Na msinunue kwa akti ya mauzo yenye muhuri wa kartie peke yake. Shef wa kartie hajui benki imeandika nini.

Mwalimu Katuba
Huku Lubumbashi watu bado wanauziana kwa livre de lojeri, kijitabu cha zamani cha nyumba, ya babu yao. Karatasi imekuwa laini kabisa. Hiyo si sertifika, msidanganyike.

Furaha Biashara
Karani anasema kweli. Mimi deni la benki nimemaliza, lakini ipoteki bado imeandikwa kwenye sertifika, haifutiki mpaka benki itoe karatasi ya kukubali. Nikiwa nangoja hiyo karatasi, Januari 2025 benki za Goma zikafunga milango. Mnunuzi yupo, dola zipo. Ananiambia picha ya risiti kwenye WhatsApp haimtoshi. Na mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo.

Binti Nguba
Mpangishe huyo mnunuzi, atanunua ikifutwa.

Mwenye Nyumba Himbi
Usimpangishe! Akishaingia hatoki, utakuwa umejiongezea mzigo wa pili.

Komisioneri Mstaafu
Muoe.

Furaha Biashara
Ni mwanamke kama mimi, mzee. Staafu kweli.

Neema K.
Baba Virunga, mnatofautiana kiasi gani na huyo kijana?

Baba Virunga
Anataka dola 3 000. Sisi tumefika 800 na mbuzi. Mbuzi ameshamchukua.

Lac Vert Immo
Nina parseli Lac Vert, sertifika ipo, haina ipoteki, mjane hayupo, njia ipo. Inboksi.

Baba Virunga
Njia ina upana gani?

Mukubwa Kyeshero
Friji inapita?