Mnaosema vyama vya wafanyakazi havipatani na ubepari njooni mnijibu hapa

Wakuu naombeni mnisome mpaka mwisho maana leo nimejaa mpaka kooni. Wiki hii nimeambiwa usoni, na mtu mwenye cheo chake na elimu yake, kwamba chama cha wafanyakazi kinapingana na uchumi wa soko, na kwamba kama mshahara haunitoshi soko liko wazi nikatafute kwingine. Kosa letu lilikuwa kukusanya saini, basi. Hatujagoma, hatujafunga geti, hatujamtukana mtu, tumekusanya saini za kuomba tukae mezani kwa pamoja tujadili mshahara na saa za ziada zisizolipwa, tukaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja kama watoto wa shule na kila aliyeingia akaambiwa maneno yaleyale, leta shida yako wewe, habari ya "sisi" iache nje. Watatu wamesimamishwa kazi mpaka ninavyoandika hapa.

Sasa mnajua barua za kuwasimamisha hao watatu aliandika nani? Mwanasheria wa chama cha waajiri. Kampuni yetu ni mwanachama wa chama cha waajiri, inalipa ada kila mwaka, inapewa wanasheria, inaambiwa wenzake wanalipa mishahara kiasi gani, ikitaka sheria ibadilishwe inapeleka maoni serikalini kupitia hicho hicho chama. Nilipouliza mbona hicho chama hakipingani na soko nikaambiwa nisichanganye mambo. Sichanganyi kitu jamani, hilo ndilo jambo lenyewe!

Hebu tuanze na kampuni yenyewe ni nini. Ni watu wenye pesa wameungana. Mmoja mmoja wangekuwa na mtaji mdogo na hofu kubwa, wameweka fungu pamoja, wamechagua bodi iwasemee, na sheria ikawaongezea kinga juu, kwamba kampuni ikifa na madeni mwenye hisa anapoteza alichoweka tu, nyumba yake haiguswi. Uingereza walipitisha sheria ya kinga hiyo mwaka 1855. Hakuna mtu anayemwambia mwenye hisa njoo ujadiliane na mimi peke yako, habari ya "sisi" iache nje. Muungano wa mitaji tunauita uwekezaji halafu muungano wa mikono tunauita fujo, na mtu anayetofautisha hivyo anataka niamini anatetea uhuru wa soko.

Na historia iko wazi kabisa. Hapo hapo Uingereza, nchi iliyotangulia viwanda, sheria za 1799 na 1800 zilifanya wafanyakazi kukubaliana kudai mshahara kuwa kosa la jinai, zikaja kufutwa 1824. Vibarua sita wa mashambani kule kijiji cha Tolpuddle waliunda chama maana ujira wao ulikuwa unashushwa kila kukicha, na kwa kuwa chama chenyewe hakikuwa tena kosa wakatafutiwa sheria ya viapo vya siri, na mwaka 1834 wakahukumiwa miaka 7 na kusafirishwa kwa meli mpaka Australia. Ilibidi watu wapige kelele nchi nzima ndipo wakasamehewa 1836. Halafu kuna kesi ya 1867 ambayo mimi kila nikiikumbuka naumia. Mweka hazina wa tawi la chama cha mafundi wa boila mjini Bradford alibaki na pauni 24 za wanachama, wakaenda mahakamani wapate pesa yao, majaji wakasema sheria haiwezi kuwalinda kwa sababu chama chao kinazuia biashara. Someni tena hapo. Pesa ya jasho la watu imekaliwa na mtu anajulikana kwa jina na mahakama inasema chama chenu kinazuia biashara kwa hiyo hatuwasaidii. Ilichukua mpaka sheria ya 1871 kumaliza upuuzi huo. Kwa hiyo mtu akiniambia soko lilikuwa huru likaharibiwa na vyama, namuuliza huru kwa nani, maana upande mmoja ulipewa kinga ya madeni na mwingine ulipewa jela.

Tena huyo Adam Smith, mwanauchumi wa soko huria mnayemtaja kila mkibanwa, mwaka 1776 aliandika mwenyewe kwamba waajiri wako kwenye makubaliano ya kimyakimya, siku zote na kila mahali, ya kutopandisha ujira, na kwamba hatuyasikii kwa sababu ndiyo hali ya kawaida. Akaeleza na sababu ya nani hushinda, kwamba mwajiri anaweza kukaa mwaka au miwili anakula akiba bila kuajiri hata mtu mmoja, wakati wafanyakazi wengi hawawezi kumaliza hata wiki moja bila kazi. Huyo siyo mkomunisti wakuu.

Kama mnadhani hayo ni ya enzi za mishumaa, mwaka 2010 wizara ya sheria ya Marekani iliwafikisha mahakamani Apple, Google, Intel, Adobe na wenzao wawili kwa kukubaliana kutochukuliana wafanyakazi. Yaani wewe ni injinia umebobea, unaambiwa soko liko wazi nenda kwingine, kumbe hao wa kwingine wameshakubaliana na bosi wako wasikupigie simu. Wafanyakazi kama 64,000 wakaungana kwenye kesi moja, na kampuni nne zikakubali kulipa dola milioni 415, mahakama ikapitisha 2015. Hawa ni watu wa mishahara minono, wenye ujuzi unaogombaniwa, bado peke yao hawakuweza kitu. Je mfungasha mizigo ataweza?

Hapo ndipo hoja ya "mshahara ukipanda watu watakosa kazi" inaponichosha. Inaweza kuwa kweli mahali ambapo waajiri ni wengi wanagombania watu. Ila pale mwajiri anapojua huna pa kwenda anakulipa chini ya kile unachozalisha, na watu wakijadili kwa pamoja mshahara unaweza kupanda bila mtu kufukuzwa kwa sababu kinachopungua ni ile faida ya ziada aliyokuwa anaipata kwa unyonge wenu. Wachumi wanalijua hilo siku nyingi, siyo mimi nimelibuni leo nikiwa na hasira.

Na mifano ipo. Denmark na Sweden hazina hata kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria, mishahara inapangwa na vyama vya wafanyakazi na vyama vya waajiri kwenye mikataba. Denmark walifikia makubaliano yao makubwa 1899 baada ya waajiri kuwafungia watu nje ya kazi kwa miezi, Sweden wakasaini yao Saltsjöbaden 1938. Ujerumani sheria ya 1976 inasema kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 nusu ya viti vya bodi ya usimamizi ni vya wafanyakazi, ingawa kura ikifungana mwenyekiti anayetoka upande wa wenye hisa ana kura ya ziada, kwa hiyo msije mkasema wenye mali wamenyang'anywa. Hizo nchi zina soko la hisa, zina matajiri, zina kampuni zinazouza dunia nzima. Kama vyama vinaua ubepari basi vimechelewa sana kuua.

Mnajua wapi chama huru kilishindwa kukaa? Poland ya wakomunisti. Agosti 1980 wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza meli mjini Gdańsk waligoma, kikazaliwa chama cha Solidarność, kikafika wanachama kama milioni 10, na serikali iliyojiita ya wafanyakazi ikatangaza utawala wa kijeshi Desemba 1981 na mwaka uliofuata ikakipiga marufuku. Kwa hiyo mtu anayetaka wafanyakazi wasiungane asijifiche kwenye neno soko, serikali ile haikuwa na soko na ilitaka kitu kilekile anachotaka yeye.

Najua mtaniletea viongozi wa vyama. Leteni, na mimi nawachukia hao hao mnaowachukia, wale wanaokula makato yetu kila mwezi halafu siku ya mkataba wanatoka ofisini wanacheka na menejimenti. Najua pia kuna vyama vilivuka mpaka, Uingereza baridi ya 1978 kwenda 1979 mpaka wachimba makaburi waligoma na maiti zikakaa. Sitetei hayo. Ila bodi za kampuni zikiiba hatusemi kampuni zipigwe marufuku, tunasema bodi iondoke na wakaguzi waje.

Narudi kwa wale watatu. Mmoja ana miaka kumi na kitu pale, hajawahi kupewa onyo hata la mdomo, na barua yake imeandikwa "kuvuruga utulivu kazini" kwa karatasi yenye saini za watu waliosaini kwa hiari yao nje ya saa za kazi. Jumatatu kuna kikao chao cha nidhamu. Mwajiri atakuja na mwanasheria wa chama chake, na wao wameambiwa kila mtu aingie peke yake. Kama kuna mkuu humu anayejua sheria za kazi aniambie hilo la kuingia peke yako linakataliwa vipi, na wewe unayesema haya mambo hayapatani na soko usinipite bila kunieleza kwa nini yule mwanasheria aruhusiwe kuingia mle ndani.