Kasuku wa kwa Mama Neema

Mama Neema (Naivasha): Shikamooni wakubwa. Kuna ndege wamehamia chini ya bati, kelele tangu alfajiri, na mahindi niliyoanika wanayatoboa. Waoneni 📷

Baraka: Kasuku hao shangazi! Kamata tuuze 😂

Mjomba Salum (Dodoma): Marahaba mwanangu. Nimekuza picha. Huyo mwenye kichwa cheusi na shingo ya njano ni wa huku kwetu, hukaa kwenye matundu ya mibuyu. Mwenye uso wa machungwa ni kasuku wa Fischer, kwao Serengeti na kusini ya Ziwa Victoria. Wote Watanzania.

Baraka: Walivuka Namanga bila pasi?

Mjomba Salum: Walivushwa vizimbani. Miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani. Huko Kenya wengine wakatoroka, wengine wakaachiwa. Naivasha maji yapo, migunga yenye matundu ipo, nafaka ipo. Warudi kufanya nini?

Mama Neema: Mbona kuna wengine siwaelewi, kichwa hudhurungi, si huyu si yule?

Mjomba Salum: Chotara. Huku kila mmoja ana upande wake. Hapo kwako wamekutana ugenini wakaoana.

Baba Neema: Kumbe si mimi peke yangu niliyejipatia Mtanzania hapa Naivasha.

Shangazi Mwajuma: 😂😂😂 Shemeji leo kaongea!

Zuhura (London): Dada, huku wamejaa wa mkia mrefu, Richmond Park utadhani uko Bombay. Wanataga huku tangu 1969. Watu husema Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa, ndiye aliyewaachia. Watafiti walichora ramani wakatoa majibu 2019: uzushi, ni wa vizimbani tu, wakitoroka huku na huku.

Shangazi Mwajuma: Na baridi hiyo?

Zuhura: Wengi asili yao kaskazini ya India na Pakistani, baridi si mgeni kwao. Wanakula karanga za watu bustanini, wanafukuza ndege wadogo.

Baraka: Narudia, kuna jamaa hapa mjini ananunua.

Mjomba Salum: Baraka, acha. Ndege wa porini Kenya hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Biashara hiyohiyo ndiyo iliyowapunguza kwao.

Shangazi Mwajuma: Basi tuwabebe hao wa Naivasha tuwarudishe Serengeti.

Mjomba Salum: Thubutu! Upeleke chotara wakachanganye mbegu ya wale waliobaki? Wakae hukohuko. Mama Neema, anika mahindi chini ya wavu. Tundu usizibe sasa, huenda mna makinda, yatafia humo yanuke nyumba nzima. Yakisharuka, gongelea waya wa kuku.

Mama Neema: Nimeelewa mjomba. Baba Neema umesoma? Hilo tundu nilikuomba uzibe tangu Krismasi.

Baba Neema: Mtandao unasumbua hapa.

Zuhura: Shemeji uko sebuleni 😂