Ushauri: "Are You Sure Hank Done It This Way" inatoka laini mno

NyuziSita: Wakuu, tunaandaa wimbo huu wa country wa Mmarekani Waylon Jennings (1975; Hank ni gwiji Hank Williams) kwa magitaa mawili, besi na ngoma, halafu tutunge wetu wa Kiswahili kwa mtindo huohuo. Kodi (chords) ni chache, lakini tukipiga unalegea. Pedali ya feza (phaser, inayozungusha sauti kama mawimbi) nayo inafanya gitaa lisikike kama limezama kisimani. Tunakosea wapi?

KikiNne: Ngoma kwanza. Kiki (ngoma kubwa ya mguu) igonge mapigo yote 4 ya kila baa, kavu, bila madoido. Nadhani mpigaji wenu anagonga la 1 na la 3, kisha anajaza mianya kwa rolu (mapigo ya mfululizo). Mnyang'anyeni matomu (zile ngoma za kujazia) wiki nzima. Besi iandame kiki. Na msiongeze kodi za kupitia: wimbo huu nguvu yake ni kung'ang'ania palepale.

FundiPedali: Waylon alitumia gitaa la Telecaster na feza ya MXR Phase 100. Kasi iwe ndogo, mzunguko mmoja kwa sekunde 2 hivi; ukizidisha ndipo gitaa linazama. Tumia pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya karibu na daraja, kiganja kikandamize nyuzi nene hapohapo. Gitaa moja tu lipite kwenye feza. Yakipita yote mawili mizunguko inapishana, mnapata uji. Kama mna pedali ya kukwaruza sauti, feza ikae kabla yake. Ikikaa baada inatawala kila kitu.

NyuziSita: Asante mkuu. Wetu tuupige kwa ufunguo wa E? Mwimbaji ana sauti nene.

FundiPedali: E na A zinatosha, nyuzi za 6 na 5 zinalia wazi. Akishindwa kushuka, capo (kibanio cha nyuzi shingoni mwa gitaa) feti ya 2, mnakuwa F#.

Mizani: Kwenye maneno ndiko wengi huanguka. Kiingereza hupenda kumalizia mstari kwa silabi nzito. Yetu nzito ni ya pili kutoka mwisho. Mkiangusha silabi ya mwisho kwenye kiki mtaimba "begaNI". Jaribuni mizani 8 kwa 8:

*Suti yenu ya vimeta, hainitoshi begani*

"Me" na "ga" ndizo zikutane na kiki, "ta" na "ni" zidondoke baada yake. Halafu msihubiri "mimi niko tofauti". Waylon anawauliza watu wa Nashville, mji wa biashara ya country, kuhusu suti za kumetameta na magari mapya, basi. Tafuteni suti ya kwenu.

KikiNne: Na mkirekodi, pigeni wote pamoja chumba kimoja. Waylon aligombana na kampuni yake ya rekodi ili atumie bendi yake mwenyewe studio, ninyi mtaanza kubandika ngoma za kompyuta?