Tupeane uzoefu: mlioanza kuishi pamoja alafu mkaja kubariki ndoa, mlirudije meza ya Bwana?

Mama Pasua:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni Mlutheri wa hapa Moshi mjini, naishi Pasua na baba watoto wangu tangu kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa, na huyo mtoto saa hizi yupo darasa la kipaimara. Kwao wananiita mke, kwetu wanamuita mkwe, hata Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua kama mume na mke, basi wanahesabiwa wameoana isipothibitishwa vinginevyo. Kanisani ndo bado. Watoto wamebatizwa, bahasha tunatoa, jumuiya naenda, kwaya ya akina mama nipo, ila ikifika chakula cha Bwana nabaki kwenye benchi na watoto wadogo na mikoba ya wenzangu.

Juzi mwanangu alikuwa anakariri Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya 1529, sehemu ya sakramenti ya altare. Kuna pale inapouliza nani anaipokea kwa kustahili, na jibu linasema kufunga na kujiandaa kwa mwili ni zoezi zuri la nje, ila anayestahili kweli ni yule anayeamini yale maneno ya kwamba mwili umetolewa na damu imemwagika kwa ajili yenu kwa ondoleo la dhambi. Akaniuliza mama kwani wewe huamini? Nikasema naamini. Akasema sasa mbona huendi. Nikamwambia amalize kukariri.

Wapendwa sisi hatujakataa ndoa. Mahari haijaisha, alafu ndugu wanasema binti wa kwanza hawezi kufunga ndoa kimyakimya, lazima sendofu, lazima ukumbi, lazima ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa. Kila mwaka tunasema Desemba hii watu wakirudi migombani tutamaliza, Desemba inapita. Mliopita hapa naomba mtusimulie, mlianzia kwa nani, mchungaji aliwaambiaje, ndugu mliwaelezaje. Naomba tusihukumiane.

Mama wa Uru:
Tumsifu Yesu Kristo. Dada mimi ni Mkatoliki lakini hapo kwenye benchi nimekaa sana, nakuelewa mpaka mwisho.

Kwetu ndoa yenyewe ni sakramenti, na wanaopeana hiyo sakramenti ni bwana na bibi arusi wenyewe, padre anapokea ahadi zao kwa jina la Kanisa na mashahidi wawili wanakuwepo. Katekista alitufundisha hivyo kwenye mafundisho ya ndoa na mimi nikamuuliza mbele ya watu, kwa iyo ukumbi haumo? Akasema haumo mama. Kuanzia hapo mume wangu akaacha kuongelea michango.

Kilichotusumbua ni cheti cha ubatizo, wanataka kilichotolewa upya na parokia uliyobatizwa kwa sababu kwenye kitabu cha ubatizo ndipo panapoandikwa kama mtu alishafunga ndoa, na mume wangu kabatizwa huko Mbulu, kwa iyo akasafiri. Barua ya mwenyekiti wa jumuiya tukapata, tukaungama, tukafunga siku moja na jozi nyingine kadhaa, misa moja. Nyumbani nikapika pilau majirani wakala. Mama mkwe alinuna mda mrefu na mpaka leo anasema anatudai sherehe, na mimi namwambia mama tutakufanyia Mungu akijalia, ila komunyo siwezi kuisubirisha kwa ajili ya ndafu.

Kijana wa Ngaramtoni:
Kwani msiende bomani tu mkafunge ndoa ya serikali? Cheti ni cheti.

Mama Pasua:
Kaka yangu asante ila ninacholilia ni meza.

Mzee wa Machame:
Mama Pasua mwanangu, nimekusoma mara mbili. Nimekuwa mzee wa kanisa mda mrefu na haya mambo tunayazungumza sana kwenye baraza la wazee. Injili ya Kilutheri imefika huku kwetu 1893 na wamisionari wa Leipzig, na utaratibu wa kumweka mtu pembeni ya meza kwa mda ili atengeneze mambo yake tumeukuta kwa baba zetu. Unaegemea Mathayo 18, na mstari wanaoutaja wengi ni 1 Wakorintho 11:27, ule wa kula isivyostahili.

Lakini someni kuanzia mstari wa 20. Pale Korintho wenye nacho walikuwa wanatangulia kula chakula chao, huyu analewa huyu ana njaa, na Paulo anawauliza, "Mnalidharau kanisa la Mungu, na kuwatahayarisha hao wasio na kitu?" Ndo anakuja kwenye kustahili, na akimaliza anawaambia mstari wa 33 wangojane. Sasa mimi najiuliza mbele za Mungu, mama anaishi kwa uaminifu na mume mmoja, anashindwa kufika mezani kwa sababu ya hela ya ukumbi, na sisi ambao hela ya ukumbi tulichangiwa tunampita pale kwenye benchi twende kula. Tumemngoja kweli?

Sisemi utaratibu ufutwe. Ndoa inaapwa mbele ya watu kwa sababu ahadi ya chumbani mtu anaweza kuikana kesho, na wanaoumia ni mama na watoto. Ila utaratibu huo wa Mathayo 18, mstari wa 15, unaanza na "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu", yaani mzee wa kanisa anatembea mpaka nyumbani kwa mtu. Sisi jina tunaliandika haraka kwenye daftari, kutembelea tunasahau, na hilo linaniuma sana.

Mtaani kwetu tuliamua kutembelea. Tukawaambia kubariki ndoa kutafanyika ndani ya ibada ya Jumapili, nguo yoyote safi, wasimamizi ni sisi wazee. Suala la mahari tulikwenda kwa wakwe wenyewe. Mzee mwenzangu mmoja mkali akasema mbuzi hawajatimia, tukamwambia kwa mila zetu mahari ilimalizwa lini siku moja baba, hata wewe yako ilimalizwa na wanao? Akacheka, akaruhusu. Na hata sheria ileile ya 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haijatimizwa.

Dada Usa River:
Nyie mna heri mnaongea wawili. Wangu hataki. Anasema mimi nimekuoa tayari, kanisa la nini. Watoto ni wetu, nyumba ni yake, nimeambiwa nichague kutoka kwake au kubaki nje ya meza. Toba ninayo, imani ninayo, ndoa siwezi kujifungisha mwenyewe. Mzee, Mungu ananionaje mimi?

Mzee wa Machame:
Mwanangu, Bwana alisema wenye afya hawahitaji tabibu, bali walio hawawezi, Marko 2:17, na alisema hayo akiwa amekaa chakulani. Anavyokuona ni hivyo.

Kwa utaratibu wetu nitakwambia ninachokijua. Nenda kwa mchungaji peke yako, usisubiri mwende wawili, mwambie huyu ndiye mimi na huyu ndiye mwenzangu anavyosema. Kwetu kuna mama wa namna yako, mume aliitwa na baraza akakataa mbele yetu, mchungaji akamrudisha mama mezani peke yake. Siyo wachungaji wote watakubali hivyo na sitaki kukupa tumaini la uongo. Ila ondoleo la dhambi linalotangazwa baada ya ungamo Jumapili ni lako pia, lipokee, usikae nyumbani.

Mama Pasua:
Shikamoo mzee, Mungu akubariki. Nimemsomea baba watoto yote haya, amekubali tufanye Jumapili ya kawaida bila kamati. Yeye anataka tuanze kwa wakwe, mimi nataka tuanze kwa mwinjilisti ili wazee waende na sisi kwa wakwe, mlioshapita mnasemaje kipi kitangulie? Dada Usa River njoo inbox, nafika Usa kuchukua mboga, tukae tuongee na kama utapenda nikusindikize kwa mchungaji.