Mjadala: Hukumu ya 1954 iliwafaa Wamarekani Weusi au iliwaponza?

Wadau, kila tukigusa ubaguzi wa Marekani hoja hii hurudi: Weusi wangebaki na shule zao waziboreshe, kuliko kung'ang'ania darasa moja na Wazungu. Eti hukumu ya kesi ya Brown, Mei 17, 1954, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kutenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba, ndiyo iliyoua shule zao. Siikubali, ingawa siipuuzi.

Chukueni Farmville, Virginia. Sekondari ya Moton, shule ya Weusi, ilijengwa kwa wanafunzi 180, na kufikia 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Waliozidi walisomea kwenye mabanda ya karatasi za lami: aliye karibu na jiko anaungua, aliye mbali anasoma na koti mwilini, na mvua ikinyesha paa linavuja. Wazazi waliomba jengo mpaka wakachoka. Aprili 23, 1951 binti wa miaka 16, Barbara Johns, akawaongoza wenzake kugoma. Walichotaka ni jengo tu! Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ndio waliowaambia kwamba watawasimamia iwapo watapinga utengano wenyewe. Wakakubali, na kesi yao ikaunganishwa na ya Brown.

Jengo jipya lilipatikana 1953, baada ya mgomo na kesi. Haya, likawafaa nini? Mwaka 1959 kaunti ya Prince Edward, ilipo Farmville, iliona heri ifunge shule zote za umma kuliko kuchanganya watoto. Wazungu wakafunguliwa shule binafsi. Shule za umma zikabaki na kufuli hadi 1964. Mtoto Mweusi mwenye ndugu kwingine alipelekwa huko, wengine wakafundishwa makanisani, na wapo ambao hawakurudi darasani maisha yao yote.

Nakubali jambo moja: walimu walitolewa kafara. Huko Moberly, Missouri, mwaka 1955 shule ya Weusi ilipofungwa, walimu wake 11 waliachishwa kazi. Walishtaki wakashindwa. Inauma sana, maana hao ndio waliowajua watoto wale kwa majina na kwa wazazi wao. Lakini lawama naipeleka kwa utekelezaji. Mwaka 1955 Mahakama ya Juu haikuweka tarehe ya mwisho ya kukomesha utengano, ikazikabidhi kazi mamlaka za shule zilezile zilizokuwa zikibagua.

Sasa mnaosema wangeboresha shule zao, nijibuni: kwa fedha za nani, na nani angewazuia Wazungu wa Prince Edward kuzifunga?