Kila wikiendi DJ yule yule: klabu za Dar ziwape nafasi wapya au tuzoee?

Usiku wa Jana:
Wadau, Ijumaa nimetoka na washkaji watatu. Tumeanzia Sinza, tukahamia Mikocheni, tukamalizia Masaki. Sehemu tatu, nyimbo zile zile kwa mpangilio ule ule: amapiano, amapiano, Naijeria kidogo, bongo fleva mbili, "wapi kelele zenu", amapiano tena. Na ya Mikocheni na Masaki sio kwamba zilifanana, DJ alikuwa mmoja! Kamaliza kule saa saba, kaja huku saa nane na flashi yake inaning'inia shingoni.

Sensa ya 2022 imetukuta watu zaidi ya milioni 5 mkoa huu. Kweli jiji zima tunazungushiwa watu kumi? Wenye klabu watoe hata Alhamisi moja kwa mwezi, wapige vijana wasiojulikana. Sisemi watuletee wale wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha na singeli, kutoka Mbagala, maana watu wao hawanunui chupa, wanakuja na soda zao wanacheza mpaka asubuhi. Nasema vijana wenye uwezo, na wapo.

Wa Rangi Tatu:
Nilikuwa nasoma vizuri tu mpaka nikafika kwenye soda. Hebu fafanua hapo mkuu. Sisi wa Mbagala tunabeba soda kwenda nazo wapi? Umewahi kukaa baa yoyote ya Zakiem tarehe 28 ukaona kreti zinavyoshushwa, au Mbagala unaijua kwa dirishani tu ukiwa kwenye basi la Mtwara?

Usiku wa Jana:
Usinilishe maneno. Nimesema wa vigodoro, sijasema Mbagala nzima.

Wa Rangi Tatu:
"Kutoka Mbagala." Ipo hapo juu, usiifute.

Dada wa Kaunta:
Mimi nimehudumu klabu miaka sita, niacheni niseme ya upande wetu. Mnadhani meneja anaangalia nani anacheza? Anaangalia meza. Mtu akiwa katikati ya ukumbi anaruka, bia yake inapata joto mezani na mimi nimesimama na trei kama mlingoti. DJ mzoefu analijua hilo. Anawapandisha nusu saa, halafu anatupia mbili tatu za taratibu, watu wanarudi kwenye viti wanahema, hapo ndio mimi napita.

Tulishaletewa kijana mpya, na anajua kweli, sio utani. Aliwachezesha kwa masaa mawili hakuna aliyekaa. Ukumbi ulipendeza mno. Kufunga hesabu, meneja kanuna mpaka tunaondoka. Lakini kilichommaliza yule kijana ni besidei. Meza ikiagiza chupa na fataki, sisi tunatoka nyuma tumepanga mstari, na DJ anatakiwa akate wimbo pale pale, aweke wa besidei na ataje jina la mtu. Yeye akagoma, eti tunamharibia miksi. Fataki zikazimika mkononi mwangu tunasubiri. Mwenye besidei alikuja na watu kumi na wawili, na wote hawakurudi tena.

Fundi wa Flashi:
Dada umesema kweli, ila nusu. Mimi ndio huyo "mpya" mnayemzungumzia, mwaka wa nne huu na bado ni mpya. Mnajua napewa muda gani? Saa tatu mpaka saa tano na nusu usiku. Nani Dar hii anaingia klabu saa tatu? Nawapigia mabaunsa na yule kijana anayepanga viti. Watu wakianza kuingia saa sita, naambiwa shuka, mkubwa kafika. Mkubwa anapokea ukumbi unaojaa, kesho yake utasikia "fulani bwana anajaza". Hajajaza, kaukuta unajaa!

Na kabla sijagusa kitu nasomewa masharti. Nyimbo kubwa nisiziguse, za mkubwa hizo. Sauti isipite hapa, na pembeni ya kitufe wamebandika plasta nyeupe kama kidonda. Kwa hiyo niwapigie viti, nyimbo ndogo, kwa sauti ndogo, halafu mtu aje aseme sina wafuasi. Malipo ni nauli na soda mbili. (Soda, ndiyo. Rangi Tatu usinirukie.)

Mzee wa Gerezani:
Nyie vijana mnashangaa nini? Enzi zetu raha yenyewe ilikuwa kujua nani yuko wapi. Sikinde wakipiga dansi pale DDC Kariakoo, bendi ile ile, ukumbi ule ule, na watu walijaa. Hatukufuata sura mpya, tulimfuata mwimbaji wao Bitchuka. Sauti unaizoea kwanza ndio unaipenda. Bendi ya Msondo walikuja baadaye wakaiga hayo hayo.

Mtoto wa Ilala:
Shikamoo mzee wangu. Hapo umeteleza. Msondo ndio kaka mtu, walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz. Sikinde ni 1978.

Mzee wa Gerezani:
Marahaba. Nilimaanisha walikuja baadaye kwenye huo mtindo.

Mtoto wa Ilala:
Mtindo upi tena mzee? Na hata hivyo mfano wenyewe unakugeuka. Mwimbaji marehemu Gurumo alitoka Msondo akaenda Sikinde ilipoanza, 1985 akahamia bendi ya Safari Sound. Bitchuka naye kahama kahama. Kila mtu akihama watu wanakwenda kusikia kimebadilika nini, na bendi zilikuwa zinatunga, ukirudi mwezi ujao unakuta wimbo hujawahi kuusikia. Huyu wa flashi shingoni katunga nini? Anarudia folda.

Mzee wa Gerezani:
Wewe ni Msondo. Nimekujua toka sentensi ya kwanza.

Mtoto wa Ilala:
Ni Msondo na sioni aibu. Jibu hoja mzee.

Mzee wa Gerezani:
Hoja nitaijibu siku utakayosikiliza magitaa ya Sikinde ukiwa umekaa chini na umetulia.

Wa Rangi Tatu:
Nyie mko Kariakoo, mimi bado niko kwenye soda.

Maana hao mnaowaita wa vigodoro ndio ma-DJ wa mji huu wanaoitwa Ulaya kwa kazi yao wenyewe, sio kumsindikiza msanii. Prodyuza Sisso na wenzake wametengeneza singeli chumbani, Wajerumani wakaja wakaitoa, leo wanapanda ndege. Huku Masaki mtu anapiga nyimbo za Johannesburg kila wiki na anaitwa wa kimataifa.

Kiti cha Nyuma:
Sio Wajerumani. Ni lebo ya Nyege Nyege Tapes, wako Kampala, na mkusanyiko wa singeli waliutoa 2017. Halafu studio ya Sisso iko Mburahati. Mburahati ni Ubungo huku, nyie mko Temeke. Usijigawie sifa za wenzio.

Wa Rangi Tatu:
Sawa, Mburahati. Masaki je? Maana hoja ni hiyo.

Usiku wa Jana:
Singeli naipenda, msinigeuze adui. Ila tuwe wakweli, ile ni mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Ukiitia katikati ya amapiano ni kama bajaji imeingia msibani. Watu wamevaa viatu vya laki mbili, hawawezi kukimbia.

Fundi wa Flashi:
Hapa ndipo mnapotuumiza, mtu hajawahi kushika mashine anatuambia haiingii. Amapiano inatembea kwenye 112 hivi. Zidisha mara mbili. 224, na hapo singeli imekaa starehe kabisa. Unaacha besi ya amapiano inaendelea, unaingiza kinanda cha singeli kidogo kidogo kwa juu, kinaenda mara mbili ya ngoma ya chini. Asiyetaka kukimbia anabaki na besi, mwenye mzuka anafuata kinanda. Unapokuja kukata besi wote wameshanasa.

Nimejaribu mara moja tu kazini. Saa tano na robo, watu tisa ukumbini. Wote wakasimama, baunsa wa mlangoni akaingia kuangalia kuna nini. Meneja akatokea ofisini, akanipitishia kidole shingoni: kata.

Dada wa Kaunta:
Meza zilikuwa na nini wakati huo?

Fundi wa Flashi:
Dada yangu, watu tisa!

Dada wa Kaunta:
Nauliza tu. Tisa nao wana kiu.

Mkazi wa Mikocheni:
Wote mnakosea. Tatizo sio DJ mpya wala wa zamani, ni kelele. Mnakumbuka 2022 NEMC, wale wa baraza la mazingira, walivyofungia mabaa na kumbi hapa mjini? Tulilala wiki mbili kama watu. DJ awe mgeni awe mwenyeji, spika inaelekea dirishani kwangu.

Kiti cha Nyuma:
Bosi, ungemtafuta huyo mwenye plasta nyeupe. Mtaelewana.

Mtoto wa Ilala:
Naomba nimuulize Usiku wa Jana swali moja. Huyo DJ uliyemkuta sehemu mbili usiku mmoja, uliondoka?

Usiku wa Jana:
Niondoke wapi na nimeshalipa kiingilio?

Mtoto wa Ilala:
Ulinunua?

Usiku wa Jana:
Tulichangia chupa moja. Swali lako limeishia wapi?

Mtoto wa Ilala:
Limeishia hapo hapo. Meneja kapata kiingilio na chupa, kwa nini ahangaike na mtu wa Alhamisi?

Wa Rangi Tatu:
Chupa MOJA. Watu WANNE. Na ndio aliyetusema sisi.

Usiku wa Jana:
Wewe unavizia tu. Toka asubuhi hujasema kama unataka DJ mpya au hutaki.

Wa Rangi Tatu:
Nataka, tena sana. Nikuambie ukweli kwa nini hunioni Masaki. Klabu inachangamka saa saba. Nikitoka saa tisa daladala hamna, bodaboda anajua sina ujanja, bei anayoitaja mpaka Rangi Tatu ni bia nne hivi. Kwa hiyo nikija nimekaa na hela ya kurudi mfukoni siigusi, naagiza moja naibembeleza. Sio kwamba sina. Wewe ukitoka hapo unatembea, au unalala kwa mshkaji Namanga. Halafu mhudumu anapita anakuangalia kama umekuja kuchaji simu.

Dada wa Kaunta:
Mimi siangalii hivyo. Wengine wanaangalia, ni kweli. Na sisi wenyewe tunasubiri gari la wafanyakazi mpaka kumi na moja alfajiri, wengi tunaishi huko huko Mbagala na Gongo la Mboto.

Usiku wa Jana:
Kwa hiyo mkuu unakubali kwamba hamnunui chupa.

Wa Rangi Tatu:
Yaani katika yote niliyoandika hilo ndilo uliloliona?

Usiku wa Jana:
Ndilo tulilokuwa tunabishania.

Kiti cha Nyuma:
Tulikuwa tunabishania ma-DJ.

Mzee wa Gerezani:
Tulikuwa Sikinde.

Fundi wa Flashi:
Basi kwa kuwa hapa wote mnataka vijana wapewe nafasi: Alhamisi hii nipo, sehemu ni ile ile ya plasta, nitamtumia ujumbe atakayetaka jina. Saa tatu kamili naanza. Kiingilio hakuna kabla ya saa nne. Mkija watano tu wa kusimama mbele, meneja anaweza kuniacha mpaka saa saba.

Mtoto wa Ilala:
Saa tatu mbona mapema hivyo kaka?

Usiku wa Jana:
Alhamisi siwezi, nina kikao Ijumaa asubuhi. Ungekuwa Jumamosi ningekuja.

Mzee wa Gerezani:
Saa tatu nimeshalala. Lakini ukipiga moja ya zamani niambie mapema.

Fundi wa Flashi:
Jumamosi ni ya mkubwa, mnajua.

Dada wa Kaunta:
Kijana, na wimbo wa besidei uwe nao kwenye flashi. Nakuambia kama dada yako.

Fundi wa Flashi:
Ninao, dada. Ninao aina tatu.

Wa Rangi Tatu:
Mimi nakuja. Saa tatu daladala bado zipo, na saa nne na nusu zitakuwepo za kurudi. Na nakuja na soda yangu.